Jiko la Gatina na Hewa ya Shimoni

Mwezi wa Julai, baridi ilipozidi, nalilala kwa ndugu yangu huko Gatina, Kawangware, upande wa magharibi wa Nairobi. Chumba ni cha mabati, mlango mmoja, na dirisha lilizibwa kwa gunia. Jiko la makaa likaachwa ndani ili tuote moto. Usiku wa manane niliamka kichwa kikiniuma, miguu haina nguvu. Nikajikokota hadi mlangoni nikaufungua. Ndugu yangu alitapika, lakini tulipona.

Hewa ile, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Wachimbaji wa makaa ya mawe waijua sana. Huko Hartley, Uingereza, mwaka 1862, mgodi ulikuwa na shimo moja tu la kupitia. Likaziba, wakafa watu 204, walio wengi kwa hewa hiyo. Mwaka ule ule sheria iliamuru mashimo mawili, ili watu wawe na njia mbili za kuingia na kutoka; nayo hewa safi huweza kushuka kwa moja, chafu ikapanda kwa la pili.

Nasi tulikata matundu mawili, moja chini, moja juu karibu na paa. Jiko sasa hulala nje. Mwenye nyumba alinung'unika sana kwa ajili ya mabati yake, akataka alipwe.