Insha ya Kupeleka

Kuandika ni kazi, na kuchagua katika yaliyokwisha kuandikwa ni kazi nyingine, tena aghalabu ya pili huwa nzito kuliko ya kwanza. Mwandishi huzipenda insha zake kama mzazi apendavyo watoto wake. Akiambiwa atoe mmoja tu aende kusema kwa niaba ya nyumba nzima, hushikwa na mashaka. Mashaka hayo yalimpata kijana mmoja wa Songea, mkoani Ruvuma, alipokusudia kuomba nafasi ya kusomea shahada ya udaktari katika historia ya sanaa.

Vyuo vikuu vya ng'ambo vinavyofundisha elimu hiyo havitosheki na vyeti na barua za walimu. Vingi humtaka mwombaji apeleke pia maandishi yake mwenyewe, aghalabu kurasa 15 hadi 25, yapimwe na watu wasiopata kumwona. Vyeti husema kuwa mtu alifaulu. Barua husema kuwa wengine wanamsifu. Maandishi huionyesha akili yake ikiwa kazini. Wapimaji hutaka kujua kama mwombaji ana swali, kama anafahamu waliomtangulia walisema nini, na kama ushahidi wake unaweza kuibeba hoja yake. Zaidi ya hayo yote hutaka kujua kama anaweza kukitazama kitu kwa subira mpaka aone kisichoonekana na mpita njia.

Kijana alikuwa na insha tatu. Ya kwanza ilikuwa sura ya tasnifu yake juu ya Picasso na picha yake ya mwaka 1907 iitwayo Les Demoiselles d'Avignon, pamoja na deni la mchoraji huyo kwa vinyago vya Afrika vilivyokuwa katika jumba la Trocadéro mjini Paris. Ilikuwa na kurasa 40, imejaa marejeo, na walimu waliisifu. Ya pili ilimhusu Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, katika mkoa uo huo wa Ruvuma, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akafa mwaka 1972, akaacha mtindo unaoitwa kwa jina lake. Ya tatu ilikuwa fupi, kurasa 14 tu, juu ya sanamu na makaburi katika Makumbusho ya Majimaji yaliyoko Songea.

Rafiki zake walimshauri apeleke ya kwanza. Walisema kuwa ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho. Wapimaji wanamjua Picasso, na Songea hawaijui. Shauri hilo halikuwa la kijinga. Methali hiyo hufundisha adabu ya ugenini, na wengi imewafaa. Lakini hapa kilichotakiwa na wenyeji wa huko kilikuwa jicho lenyewe. Atakayelifumba atawapelekea nini?

Kijana alipoipima ile ya kwanza kwa mizani hiyo, aliiona pungufu. Picha ya Picasso imo katika jumba la makumbusho la New York, nayo inazidi mita 2 kwenda juu na kwenda upande. Yeye aliijua kwa ukubwa wa kiganja, katika kurasa za vitabu. Kila alilolisema juu ya rangi yake na mkono ulioipaka lilikuwa limesemwa kwanza na mtu aliyesimama mbele yake. Si kwamba Mwafrika hana haki ya kumwandika Picasso. Anayo, kama Mzungu alivyo na haki ya kukiandika kinyago cha Mmakonde. Haki haikukosekana. Kilichokosekana ni kuona.

Ile ya pili ilikuwa na upungufu wa namna hiyo hiyo, ingawa ulijificha. Wanyama na ndege wa rangi za kung'aa, kazi za wafuasi wa Tingatinga, kijana alikuwa ameziona nyingi. Bali mbao alizozichora Tingatinga kwa mkono wake mwenyewe, katika miaka ile michache kabla ya kifo chake, alizijua kwa picha tu. Hivyo insha yake ilieleza sifa za mtu kuliko kazi yake.

Ikabaki ya tatu. Mahali hapo alipajua tangu utotoni. Hapo wamelala mashujaa wa Vita vya Majimaji, vilivyopiganwa baina ya mwaka 1905 na 1907. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga Songea wakuu na wapiganaji wa Kingoni, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao, wakazikwa pamoja katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, ana kaburi lake peke yake, na wazao wake hutafuta kichwa chake, ambacho husemwa kilipelekwa Ujerumani. Kijana aliyaandika hayo kwa uchungu, na uchungu ulimpa maneno mazuri.

Alimpelekea mwalimu wake wa zamani, mzee aliyestaafu. Mzee aliisoma mara mbili, kisha akasema, "Mwanangu, umeniliza. Lakini hujanionyesha sanamu."

Neno hilo lilikuwa zito, maana lilivunja dhana kwamba ukaribu unatosha. Kumbe aliye mbali haoni kwa sababu ya umbali, na aliye karibu huweza asione kwa sababu ya mapenzi. Kijana alirudi makumbusho na daftari, akakaa siku kadhaa mbele ya vitu alivyokuwa akivipita miaka yote. Aliandika maswali. Mchongaji aliyetengeneza uso wa mtu aliyekufa mwaka 1906 aliupata wapi uso huo: katika picha zilizopigwa na watawala, katika masimulizi ya wazee, au katika nyuso za wajukuu? Desturi ya kumkumbuka mfu kwa sanamu ilitoka wapi, nayo ilikutanaje na desturi ya kumkumbuka kaburini? Mwezi Februari, watu wanapokusanyika kwa kumbukumbu, huelekea wapi kwanza, kwenye sanamu au kwenye kaburi?

Maswali hayo hayakuwa ya Songea tu. Katika jumba la makumbusho la Berlin zimo silaha na vitu vingine vilivyotwaliwa wakati wa Majimaji. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha. Msamaha ni neno la viongozi. Lakini vitu vilivyomo kabatini vinangoja kuelezwa kimoja kimoja, na kuelezwa ni kazi ya wanachuoni. Wana wa Songea wasipoipata elimu hiyo, vitu vya babu zao vitaelezwa wao wasipokuwapo.

Kijana alifuta kurasa alizozipenda kuliko zote, zile za maombolezo, akaweka mahali pake maelezo ya alichokiona. Maneno ya wazee aliyafasiri kwa Kiingereza, lakini nduna na nkosi aliyaacha yalivyo, akaeleza maana yake. Insha ya Picasso nayo haikupotea bure. Ukurasa mmoja wake uliingia humo, ukionyesha kuwa katika miaka ile ile Paris ilipojifunza kuviita vinyago vya Afrika sanaa, vitu vya kusini mwa Tanganyika viliingia Berlin kwa jina la nyara. Mwisho zilikuwa kurasa 18.

Mwombaji awaye yote atapata watu wengi wa kumwambia achague insha ndefu, au iliyosifiwa, au inayotaja majina makubwa. Urefu hupunguzwa, sifa husahauliwa, na majina makubwa ni ya wenyewe. Heri achague ile ambayo, akiulizwa "Ulijuaje?", ataweza kujibu kuwa alikwenda, akatazama, akauliza, akatazama tena. Jibu hilo hata mpimaji asiyeijua Songea hulielewa.