Kesi ya Chupa

Msomaji, yamkini nyumbani kwenu imo chupa ya kupulizia maji. Katika nyumba nyingi hapa Ziwani hutumiwa kunyunyizia sare za shule kabla ya kupigwa pasi. Siku moja hubonyezwa isitoe hata tone. Aghalabu hukumu hutolewa papo hapo: chupa hutupwa, na fedha za mboga zikapelekwa Gikomba kununua nyingine. Mimi naiombea chupa hiyo kesi ya haki.

Kwanza ifahamu kazi yake. Wengi hudhani kuwa chupa huvuta maji, kumbe hewa ndiyo huyasukuma. Uachapo kubonyeza, springi hurudi nyuma ikaacha nafasi tupu kichwani mwa chupa. Hewa iliyo juu ya maji huyakandamiza, yakapanda mrijani kujaza nafasi ile. Evangelista Torricelli wa Italia alionyesha nguvu hiyo katika miaka ya 1640: uzito wa hewa uliinua zebaki katika mrija wa kioo kiasi cha sentimita 76. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Hata hivyo yatosha sana kwa chupa.

Sasa ihoji, swali moja baada ya jingine. Je, ncha yake imefungwa? Mrija wafika majini, au umelegea na kunyonya hewa? Legeza kifuniko kidogo: ikipuliza, basi kitundu cha kuingizia hewa kimeziba. Bado ikikataa, shaka iangukie tundu la kutokea maji, ambamo mashapo hukaa. Lirowanishe katika maji ya vuguvugu, kisha bonyeza mara nyingi.

Lakini shika maonyo mawili. Usiinyonye wala usiipulize kwa kinywa, maana hujui ilibeba nini jana. Tena, ikiwa ilikuwa na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, usiisafishe kwa siki. Viwili hivyo vikikutana huzaa gesi ya sumu.

Huenda ukakuta springi imekatika. Hapo itupe bila majuto, kwa kuwa umeihukumu kwa ushahidi. Atupaye asichokichunguza hununua kitu kilekile mara mbili, na mara ya pili hulipia uvivu wa kuuliza.