Kabati la Anti

Udongo na kitambaa havielewani. Kitambaa kinasikia hali ya hewa: kinalegea, kinakaza, ukikigusa kinacheza. Udongo ukishapita motoni umemalizana na mambo ya kucheza. Sasa weka hivyo viwili pamoja, vitundike ukutani, halafu uombe Mungu. Miezi yangu ya kwanza kwenye kazi hii nilikuwa nalala nikisikia vipande vikianguka kimoja kimoja, ta, ta, kama mtu anayevunja njugu gizani. Na gundi ilikuwa imeshika vizuri tu. Kilichokuwa kinaachia ni ile rangi nyeupe ya msingi iliyo chini ya gundi, inabanduka kwa kitambaa na kutoka na kigae chake.

Watu wakiona kazi zangu huuliza zinamaanisha nini. Tutafika huko. Wacha kwanza niseme zinavyoshikana.

Naanza na amerikani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa ambacho ukienda dukani unapimiwa kwa mita. Jina lenyewe ni historia. Karne ya 19 wafanyabiashara kutoka Massachusetts walikuwa wanakileta Zanzibar kwa meli, na kikaingia bara na misafara, kikivaliwa na kutumiwa kama pesa. Wamarekani waliokileta wameshasahaulika lakini kitambaa bado kinaitwa kwa nchi yao. Kanvasi ya dukani, ile iliyokuja tayari imenyooshwa, ni nzuri, ila kwa bei yake naweza kula wiki nzima. Kwa hivyo nanunua amerikani, nanyoosha kwenye fremu ya sentimita 90 kwa 120, napaka rangi ya msingi mara tatu. Nyuma naweka plaiwudi nyembamba. Hiyo plaiwudi ndiyo siri, na nilifundishwa na fundi wa viti, si msanii.

Udongo ni stori nyingine. Ukiwa Nairobi unakanyaga udongo kila siku na karibu wote hautakusaidia. Ule mweusi wa Embakasi na Athi River, unaopasua kuta za nyumba za watu, unafura ukinywa maji na kusinyaa vibaya ukikauka. Nilitengeneza bakuli moja nao kwa sababu ya ubishi tu. Kesho yake ilikuwa ramani. Ule mwekundu wa upande wa Kiambu ni mpole zaidi lakini peke yake hauna nguvu. Mimi nachanganya: udongo wa mfinyanzi ninaonunua kwa gunia, mwekundu kidogo kwa ajili ya rangi, na unga wa vigae, yaani udongo uliokwisha kuchomwa ukapondwa na kuchekechwa. Huo unga umeshapita motoni kwa hivyo hausinyai tena. Ukiwa ndani ya udongo mpya unaupa mifupa, unaacha njia ya mvuke kutoka, na chombo hakipasuki ovyo. Wafinyanzi sehemu nyingi za dunia wamefanya hivyo tangu zamani: chungu kilichovunjika kinasagwa na kuingia ndani ya chungu kinachofuata.

Halafu moto. Sina joko langu. Nalipia rafu kwenye joko la umeme la watu wengine, na unalipa kwa nafasi, kwa hivyo unajifunza kupanga vitu kama kondakta wa matatu anavyopanga abiria. Mwanzo ni pole pole kabisa, mpaka maji yote yatoke, kwa sababu maji yaliyofungiwa ndani ya udongo mnene yakichemka yanatafuta mlango kwa nguvu. Kwenye nyuzi 573 chembe za mchanga zilizo ndani ya udongo hubadilisha umbo ghafla, zinatanuka, na wakati wa kupoa zinarudi. Hapo ndipo vitu vingi hupata ufa. Karibu na nyuzi 600 kitu kingine kinatokea ambacho mimi bado kinanishtua: udongo unaacha kuwa udongo. Kabla ya hapo, ukiutia kwenye ndoo ya maji, unarudi kuwa matope na unaanza upya. Baada ya hapo hakuna ndoo itakayourudisha. Mimi huendelea mpaka karibu 1000, halafu nazima, halafu nangoja siku nzima bila kufungua. Hiyo ya kungoja ndiyo ngumu kuliko zote. Stima ikipotea katikati, unangoja na hasira.

Anti yangu alikuwa anaishi Mathare, chini karibu na mto, tangu kabla sijazaliwa. Nyumba ya mabati, vyumba viwili, na ndani yake kabati la vioo. Mnalijua hilo kabati. Kila mtu aliyekulia Nairobi ana anti mwenye hilo kabati: juu kuna vikombe vya wageni ambavyo hujawahi kunywea, katikati thamosi, chini sahani za Krismasi, na kila rafu imetandikwa kitambaa cha kushona kwa mkono. Pembeni mwa kabati palikuwa na mtungi wa maji alionunua Ilesi, pale barabara ya Kakamega ambapo vyungu hupangwa kando ya lami, akausafirisha mpaka Nairobi kwa basi akiwa ameupakata kama mtoto.

Mvua za Aprili 2024 ziliingia ndani usiku. Maji yalipotoka, kabati lilikuwa limelala kifudifudi. Lakini nyumba ilikuwa imesimama, na anti alikuwa ameshaanza kuosha matope. Halafu Mei likaja agizo la watu kuhama mita 30 kutoka mtoni, na baada ya agizo zikaja tingatinga. Sitaandika sana juu ya siku hiyo. Wengi mliiona kwa simu zenu. Mimi nilifika jioni na gunia la kubebea nguo, na nguo hazikuwepo, kwa hivyo nikajaza kilichokuwepo. Vikombe, vipande vya sahani, mashikio, nusu ya mtungi wa Ilesi. Vitambaa vya kabati alikuwa amevibeba mwenyewe ndani ya blauzi.

Lile gunia lilikaa studio mwezi mzima kabla sijamuuliza. Nilimpigia, nikamwambia anti, zile vyombo ziko kwangu, nataka kuzifanyia kazi. Akasema, "Zimevunjika tayari, unataka kuzivunja tena?" Nikamwambia hapana, nataka kuziweka kwa picha. Akanyamaza. "Mimi nilidhani unazirudisha ziwe vikombe."

Hapo nilipata shida, kwa sababu ni swali la haki. Naweza kuunganisha kikombe kikasimama kwa rafu na ukakiona kizima. Lakini gundi yangu si ya kuwekewa chai ya moto, na mdomo haufai kuigusa. Nilimweleza hivyo. Akasema basi atakuja kuona.

Alikuja Jumamosi na matatu mbili. Nilikuwa nimemwaga vigae mezani na kuvipanga kwa rangi, samawati huku, maua ya pinki kule, kama wanavyofundisha. Alitazama dakika moja tu. "Hii haikuwa hapa," akasema, na akaanza kuhamisha. Alikuwa anapanga kabati. Rafu ya juu, rafu ya kati, rafu ya chini, kila kigae mahali ambapo chombo chake kilikuwa kimekaa kwa zaidi ya miaka ishirini. Kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba anakijua. Hiki kilikuwa cha seti ya harusi. Hiki alipewa na chama. Mimi sikufanya kitu zaidi ya kupiga picha kwa simu nisisahau. Muundo wa ile kazi, ambao baadaye mtu mmoja aliusifu akisema una mdundo wa kijiometri, ni wa anti.

Kilichobaki kilikuwa changu. Mtungi nilimwomba ruhusa niusage, si wote, nikaacha shingo. Akasema sage, mtungi ni udongo. Nikaupiga nyundo ndani ya gunia, nikachekecha, nikauingiza kwa udongo mpya. Huo udongo mpya nikautandaza kama chapati, nikalaza juu yake vile vitambaa vyake vya kushona na kupitisha mti wa kusukumia. Ukikiinua kitambaa, kila fundo limebaki kwenye udongo. Nikakata rafu tatu kutoka hapo. Udongo ulipofika ule ugumu wa sabuni ya kipande nikatoboa matundu, makubwa kuliko yanavyohitajika, kwa sababu kila kitu kitasinyaa kama sehemu moja ya kumi. Sehemu nyingine nilisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka zikang'aa bila rangi yoyote. Hilo nililipenda kutoka kwa vyombo vya Magdalene Odundo, aliyezaliwa hapa Nairobi mwaka 1950. Havina vanishi ya kioo. Mng'ao wote ni mkono, na weusi wake unatoka kwa moto ulionyimwa hewa. Mimi bado nipo kwa kijiko.

Vile vigae vya vikombe, kwa kuwa vilishachomwa kiwandani, vilihitaji ncha ya almasi, pole pole, chini ya maji. Kauri ni ngumu kuliko unavyofikiri. (Jina hilo nalo: kauri kwa Kiswahili ni kombe wa baharini na pia ni vyombo vya aina hii, na jina la Kizungu pia lilitoka kwa kombe huyohuyo, kupitia Kiitaliano. Watu wa bahari mbili tofauti waliona mng'ao uleule.) Kisha nikashona. Waya wa shaba kutoka kwa mota kuukuu, unapita kwenye kigae, kitambaa, plaiwudi, na kusokotwa nyuma. Gundi ipo, lakini kinachobeba ni waya. Kitambaa kikicheza, waya una nafasi ya kucheza nacho. Tangu nianze kushona sijasikia ta, ta usiku.

Tulipoionyesha, kwenye maonyesho madogo ya pamoja, vijana wa shule za sanaa walinitajia Julian Schnabel. Kweli, Mmarekani huyo alianza kubandika sahani zilizovunjika mwaka 1978 na akapata jina kubwa. Sina ugomvi naye. Lakini nendeni Mambrui, kaskazini mwa Malindi, mtazame kaburi la nguzo lililopachikwa mabakuli ya kauri ya Uchina, karne kadhaa kabla ya Schnabel. Watu wa pwani hii walikuwa wanaweka vyombo vya thamani ukutani, juu ya wafu wao, kwenye chokaa bichi. Katika makaburi mengi ya aina hiyo mabakuli yameng'olewa, na kilichobaki ni shimo la mviringo, safi, la kiasi cha bakuli. Mimi hayo mashimo nilikuwa nayapenda kabla sijajua nitayahitaji.

Kwa sababu mnunuzi alijitokeza. Mwanamke mmoja, mwenye nyumba yenye kuta ndefu, akasema anaitaka kwa elfu 85. Kwangu hiyo ni miezi. Nikamwambia anipe siku mbili, nikampigia anti, kwa sababu vyombo ni vyake. Nilitarajia aseme usiuze, na nilikuwa nimejiandaa kukubali. Hakusema hivyo.

"Elfu 85 ya vikombe vimevunjika?"

"Ya picha, anti."

"Uza. Lakini lile shikio la samawati, la rafu ya juu, nitolee. Hilo nalitaka mimi."

Hakuniambia la nani na sikumuuliza. Nilikata waya nyuma, nikachonga gundi kwa kisu, likatoka na ngozi nyembamba ya rangi ya msingi. Chini yake amerikani ilikuwa uchi, na umbo la shikio likiwa wazi kama sikio. Ningeweza kujaza. Nina vipande vya samawati tele. Niliacha.

Mnunuzi alipokuja aliona mara moja. Akauliza kama patazibwa. Anti alikuwepo, alikuwa ameketi kwenye ndoo ya rangi akinywa soda, na ndiye aliyejibu: "Hapo ni pangu." Yule mama akasema basi bei ishuke kidogo, kwa kuwa kazi haijakamilika. Anti yangu ameuza nguo Gikomba nusu ya maisha yake. Alimwangalia, akaangalia kanvasi, akasema kabati lisilotolewa kitu hata kimoja ni la dukani, hilo lenu ni la nyumba ya watu, hiyo bei haishuki. Wakakaa hivyo. Mimi nilijifanya natafuta kamba. Mwishowe mama alilipa elfu 85 kamili, na akaomba apigwe picha na anti. Anti alikataa picha.

Tuligawana katikati. Yeye alilipa diposti ya nyumba Huruma, ghorofa ya tatu, na anasema ngazi zitammaliza kabla ya mto.

Sasa majirani zake wa zamani wamesikia. Wanakuja na vitu ndani ya mifuko, wamefunga kwa kamba, wengine wameandika jina kwa karatasi. Kigae cha sakafu. Mfuniko wa birika. Juzi mzee mmoja alibeba mgongoni nusu nzima ya sinki, nyeupe, na tundu la bomba bado lipo, akaniuliza kama hiyo pia inaweza kuingia kwa picha. Nimeipima: kilo 7 na nusu. Plaiwudi nyembamba haitaibeba, hiyo najua. Nimemwomba yule fundi wa viti aje Jumatano tuitazame pamoja.