Wageni wa Siku Sita: Akina Mama Wanne Katika Nyumba Moja ya Kampala

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akina mama tunazifahamu methali zote mbili, kwa sababu ni sisi tunaochemsha maji ya kuoga ya mgeni, tunaotafuta shuka safi, na tunaohesabu kimya kimya unga uliobaki kwenye debe. Mwaka 2023 ilikuwa zamu yetu kuwa wageni.

Tulikuwa wanne, wote wa umoja wa akina mama wa kanisa letu hapa Mwanza, na wawili kati yetu ni wauguzi. Kwa miaka mingi tulitamani kwenda Namugongo, Uganda, kwenye Sikukuu ya Mashahidi ambayo huadhimishwa kila Juni 3. Fedha tulizochanga zilitosha nauli na chakula cha njiani. Hazikutosha nyumba ya kulala wageni. Mmoja wetu alikuwa akiandikiana barua na mama mmoja wa Kampala waliyekutana katika semina ya kanisa. Alipomweleza shida yetu, jibu lilikuja fupi: "Njooni. Nyumba ni ndogo, lakini mtalala."

Njiani

Tulipanda meli ya usiku hadi Bukoba, kisha basi. Kati ya Bukoba na mpaka wa Mutukula barabara huvuka mto Kagera pale Kyaka, mahali ambapo majeshi ya Idi Amin yalivunja daraja mwaka 1978. Mzee mmoja ndani ya basi aliwaonyesha wajukuu zake mahali hapo kwa kidole. Hatukujua kwamba habari za vita ile zingetufuata hadi sebuleni kwa wenyeji wetu.

Kutoka Mutukula hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200. Unapita Masaka, kisha Lukaya ambako wauzaji hukimbilia madirisha ya basi na nyama choma na ndizi za kuchoma, halafu Kayabwe penye alama ya mstari wa Ikweta. Tulifika Jumanne jioni, Mei 30, tumechoka na miguu imevimba.

Binti wa nyumba alitupokea mizigo, akapiga magoti, akasema "Kulika." Ndivyo Waganda wanavyompa pole msafiri aliyefika salama. Hata kwetu Usukumani msichana hupiga goti kwa wakubwa, kwa hiyo tulijiona tuko nyumbani. Chakula kilikuwa tayari: matoke yaliyofungwa katika majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke, mchuzi wa karanga, na kuku wa luwombo, yaani aliyepikwa ndani ya jani. Tuliketi mkekani na kunawa mikono.

Bibi aliyenyamaza

Mama mwenyeji alijua Kiswahili vizuri, maana aliwahi kufanya biashara ya nguo Nairobi. Tulizungumza na kucheka kama watu waliozaliwa tumbo moja. Lakini mama mkwe wake, bibi wa zaidi ya miaka 70 aliyekuwa ameketi pembeni, alipotusikia alinyamaza. Baada ya muda aliinuka taratibu, akaingia chumbani, akafunga mlango. Chakula chake kilipelekwa huko.

Usiku mama mwenyeji alitueleza. Wakati wa utawala wa Amin, kati ya mwaka 1971 na 1979, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Kilisikika kwenye vizuizi vya barabarani na kwa watu waliogonga milango usiku. Kaka wa bibi huyu alichukuliwa na watu waliosema Kiswahili, hakurudi tena. Askari wa Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni waliiteka Kampala Aprili 11, 1979, na wengi walishangilia, lakini kwa bibi lugha ilibaki ile ile. "Hana chuki nanyi," alisema mama mwenyeji. "Masikio yake ndiyo yanaogopa."

Mpendwa msomaji, tulilala tukiwa na mzigo moyoni. Tulikuwa tumelala kwenye vitanda vya watoto, tukila kuku wa nyumba hiyo, na sauti zetu zilikuwa zinamfukuza mwenye nyumba mkubwa kutoka sebuleni kwake. Tulijadiliana kama tuondoke. Mwisho tuliona kwamba kuondoka kungemwaibisha mama mwenyeji mbele ya mkwewe na majirani. Tulikubaliana mambo mawili: mbele ya bibi tutasema kidogo na kwa sauti ya chini, na kesho yake binti atufundishe salamu za Kiganda.

Asubuhi tulikwenda mlangoni kwa bibi, tukapiga magoti wote wanne, tukasema, "Wasuze otya, jjajja?" Matamshi yetu yalikuwa ya kuchekesha, na watoto walicheka kweli kweli. Bibi alitutazama kwa muda mrefu, kisha akajibu, "Bulungi." Hakuongeza neno.

Jembe la siku ya tatu

Siku ya pili tuligundua jambo jingine. Sisi tulipewa matoke na nyama, lakini watoto walikula ugali na maharage jikoni. Mama yeyote analielewa hilo. Hata hivyo, kumpa mwenyeji fedha mkononi ni kama kumwambia kwamba nyumba yake ni hoteli. Tulikwenda sokoni tukanunua mchele, sukari, mafuta ya kupikia na sabuni, tukampelekea jikoni na kusema, "Haya ni ya watoto." Alipokea kwa mikono miwili. Tukamwomba pia tule sote kutoka chakula kimoja, kwa sababu tumechoka kuwa wageni. Alicheka, akatupa visu tumenye ndizi. Utomvu wake ulitung'ang'ania vidoleni hadi tuliporudi Mwanza.

Tuligawana kazi. Wawili walichota maji kwa madumu, mmoja aliosha vyombo, mwingine alifagia ua. Kila tulipopita na dumu majirani walituita "Gyebaleko," salamu ya kumshukuru mtu kwa kazi yake. Ni salamu nzuri, na tungefurahi kama waume na watoto wetu wangeiiga.

Ijumaa asubuhi bibi alitoka nje akaketi karibu nasi. Alimwambia mkwewe jambo, naye akatutafsiria: amesikia kwamba baadhi yetu ni wauguzi, na miguu yake imevimba. Tulikuwa na kipimo cha presha kwenye begi. Presha ilikuwa juu sana. Tulipouliza habari za dawa, alisema aliziacha miezi kadhaa iliyopita kwa kuwa alijisikia mzima. Hatukumpa dawa yoyote, maana hatukujua historia yake na hatukuwa na ruhusa ya kutibu nchini kwao. Tulimweleza kwamba dawa za presha haziachwi kwa sababu mtu amepata nafuu, kisha tukamsindikiza pamoja na mkwewe hadi kliniki yake. Njiani alimshika mkono mmoja wetu wakati wa kuvuka barabara, na hakuuachia hadi tulipofika.

Namugongo na Mengo

Jumamosi, Juni 3, tulitoka kabla ya mapambazuko. Ni mahali hapo, siku kama hiyo mwaka 1886, ambapo vijana wengi walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga kwa sababu ya imani yao. Mashahidi wanaokumbukwa ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Kila upande una mahali pake pa ibada. Tulikutana na watu waliotembea kwa miguu siku nyingi, baadhi kutoka nje ya Uganda, wakilala kwenye parokia na shule za njiani. Wote walikuwa wamefika kwa ukarimu wa wenyeji, kama sisi.

Jumapili mchana tulipita Mengo, kwenye hospitali iliyoanzishwa mwaka 1897 na daktari Albert Cook. Alifanya kazi pamoja na muuguzi Katharine Timpson, ambaye baadaye alikuwa mke wake. Kwetu sisi wauguzi ilikuwa furaha kusimama hapo.

Jumatatu alfajiri bibi alikuwa ameamka kabla yetu. Alitukabidhi vifurushi vinne vya majani ya mgomba, ndani yake karanga na ndizi za kuchoma. Waganda huita hiyo "entanda," chakula cha msafiri. Kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Safari njema." Mama mwenyeji aligeuka kutazama upande mwingine, akafuta macho.

Kama nanyi mnapanga safari

Akina mama wenzetu, ukosefu wa fedha usiwazuie kwenda kuwaona ndugu wa nchi jirani. Shikeni haya machache. Andaeni hati za kusafiria mapema, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tangu mwaka 2016 chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote. Bebeni shuka, chandarua na dawa zenu za kila siku za kutosha. Mwambieni mwenyeji idadi yenu na siku ya kuondoka, na msiibadilishe. Pelekeni zawadi ya chakula kuliko pambo la ukutani. Jifunzeni salamu za wenyeji kabla hamjafika. Na siku ya tatu msingoje kupewa jembe. Liulizeni liko wapi.

Mama mwenyeji tumemwalika Mwanza, na mchango wa nauli yake tumeuanza. Vitanda vya watoto wetu viko tayari.