Pishi ya Bahari

Kipimo ni amana. Mchumaji wa karafuu wa Makangale, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, hulijua jambo hili bila ya kufundishwa chuoni. Apelekapo chumo lake kupimwa, jicho lake halibanduki ukingoni mwa pishi. Pishi ya mfuto na pishi ya tele zina jina moja, lakini hazina ujira mmoja. Tena ajua kuwa karafuu mbichi ikianikwa hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake. Atajaye hesabu bila ya kutaja hali ya mali iliyohesabiwa, amesema nusu ya neno.

Mchanga wa chini ya bahari una tabia hiyo hiyo. Katika mradi ulioanza 2017 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, gati namba 1 hadi 7 za bandari ya Dar es Salaam zilichimbwa zipate kina cha meta 14.5. Kazi ya namna hiyo huhesabiwa kwa meta za ujazo. Lakini zihesabiwe wapi? Mchanga uliolala mahali pake umeshikamana. Ukichimbwa na kumwagwa katika tumbo la merikebu hufura, na tope jepesi huenda zake pamoja na maji yanayofurika. Shimo lina hesabu yake na merikebu ina yake, wala hapana aliyesema uwongo. Uwongo huanza pale taarifa inapoandika tarakimu ikanyamaza juu ya mahali pa kupimia.

Njia iliyonyoka ni kupima sakafu ya bahari kabla ya kuchimba na mara baada ya kuchimba, maana mkondo haukawii kurudisha mchanga. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo kazi. Mvuvi wa Makangale ajua kuwa bildi iliyotiwa maji yakijaa haipatani na iliyotiwa maji yakipwa. Basi kila kina hurejezwa kwanza kwenye kiwango kimoja cha maji. Kilichochimbwa kupita kina cha mapatano huandikwa mbali, kisijifiche ndani ya jumla.

Mchumaji aiona pishi yake. Umma ulipao mkopo hauwezi kuliona shimo lililofunikwa na maji. Macho yake ni taarifa. Ikiwa na chongo, umma hulipa gizani.