Sensa Katika Bonde la Eyasi

Ndugu msomaji, leo twende pamoja Bonde la Eyasi, wilaya ya Karatu, mkoa wa Arusha. Mimi ni bwana shamba. Mwezi Agosti 2022 nilikwenda Mang'ola kutazama kilimo cha vitunguu.

Ukitoka Karatu mjini unateremka. Barabara ina vumbi na joto linazidi. Unaona mibuyu mikubwa, na mbele yako Ziwa Eyasi. Maji ya ziwa ni ya magadi. Hayafai kumwagilia. Lakini ziko chemchemi za maji matamu, na hapo vitunguu hustawi sana.

Katika bonde hili Wairaqw hulima, na Wadatoga hufuga. Wahadzabe huwinda, hurina asali na huchimba mizizi. Wahadzabe wengi hawakai mahali pamoja. Leo kambi iko hapa, baada ya wiki chache iko kwingine. Nyumba zao ni za matawi na nyasi. Je, karani wa sensa atawapataje?

Siku zile sensa ilikuwa imekaribia. Vijana wawili wa asasi moja ya kiraia walikuwa wakienda kambi hadi kambi kueleza habari zake. Mmoja wao alikuwa Mhadzabe. Nikaomba kufuatana nao.

Tulifika kambini asubuhi. Tukawaamkia wazee, tukaketi chini. Kijana yule akaeleza kwa Kihadzabe, na mimi akanitafsiria. Mzee mmoja akauliza, "Mnatuhesabu ili mjue mtahamisha watu wangapi?"

Ndugu msomaji, usimcheke mzee huyo. Katika miaka ya 1960 Wahadzabe wengi walikusanywa wakae mahali pamoja. Maradhi yakawapata. Wengine walikufa, na wengi wakarudi porini. Mzee alikuwa na sababu ya kuuliza.

Kijana hakumkaripia. Alisema, "Babu, sensa haimhamishi mtu. Karani haulizi kabila lako. Amekula kiapo cha kutunza siri. Anataka kujua nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Wakumbuke wenzetu wa Yaeda Chini. Mwaka 2011 walipata hati za kimila za ardhi yao. Kuandikwa hakukuwaondoa. Kunawalinda."

Mama mmoja akainua mtoto mchanga. "Hata huyu?"

"Hata huyu, mama. Huyu ndiye atakayetaka chanjo, na kesho dawati."

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akanyoosha mkono kuelekea vilimani. "Basi mwambieni karani afike na kule. Wanangu wako kule, wanarina asali."

Njiani nilikumbuka kosa langu mwenyewe. Zamani niliandika idadi ya kaya katika kijiji nilichokuwa nikihudumia. Sikuvuka mto kwenda kwa wafugaji. Nilisema moyoni, "Wale ni wachache." Dawa ya chanjo ya kuku ilipokuja, haikutosha. Kuku wa ng'ambo wakafa kwa mdondo. Mama mmoja alikuja kwangu na jogoo aliyekufa mkononi. Hakusema neno, na mimi sikuwa na la kumjibu. Asiyekuwepo na lake halipo.

Mwezi Oktoba 2022 matokeo ya sensa yalitangazwa. Watanzania tulikuwa 61,741,120. Hesabu hiyo ni kubwa, lakini ilipatikana kwa kuhesabu mtu mmoja mmoja, tena kwa kufika kule vilimani.

Sensa nchini mwetu hufanyika kila baada ya miaka 10. Ikija tena, usingoje tu karani abishe hodi kwako. Tazama kijijini kwako. Yuko mvuvi aliye dagoni? Yuko mchungaji aliyehama na mifugo? Yuko mtoto mlemavu aliyefichwa ndani? Yuko bibi anayeishi peke yake pembeni?

Mweleze kila mmoja kwa upole, kwa lugha anayoielewa. Akiwa na hofu, msikilize kwanza. Kisha mwonyeshe karani njia ya kufika kwake.