Ukurasa wa uongo, kisha wa kweli

Mama mmoja aliyehama Masisi, anayeishi kwa jamaa hapa Goma, alipokea kiungo kwenye simu: jiandikishe, upate msaada. Ukurasa ulifanana na Facebook. Akaandika namba na neno la siri, na palepale akajikuta kwenye Facebook yake ya kweli. Hakushuku kitu. Ujanja uko hapo: ukurasa wa uongo unachukua neno la siri, halafu unakupeleka kwenye wa kweli ili utulie. Anwani ya juu ndiyo ilikuwa tofauti, lakini nani huisoma akiwa na njaa?

Jioni kaka yake akapiga simu toka Bukavu.

“Dada, feza nimetuma kwa ile namba uliyoandika. Mtoto anaendeleaje hospitalini?”

Mtoto alikuwa uani, anacheza.